Annelie wa Kwenye Daftari Langu

Jamani… mwizi wangu hakuvunja mlango.

Aliingia chumbani kwangu mchana kweupe, tumbo mbele, miezi tisa, akasema anatafuta chaja!

Nikampisha. Mjinga mimi.

Wiki tatu baadaye ni siku ya akika, mtoto anachinjiwa mbuzi, nyumbani kwetu Darsait, huku kwa Waarabu. Nimebeba sinia la chokoleti nawapitishia wageni. Kila chokoleti imefungwa karatasi ya waridi, na kila karatasi ina herufi za dhahabu…

ANNELIE.

Sinia karibu linidondoke!!

Hilo jina ni langu, nyie. Nililipata bandarini Mutrah, meli ya watalii imeshusha watu. Mama mmoja wa Kijerumani akamwita mwanawe, "Annelie!" Lilivyomtoka mdomoni… kama kijiko kimegonga gilasi. Nikaja nalo mpaka nyumbani, nikaliandika kwenye daftari, ukurasa mzima, nikalizungushia maua.

Sikumwambia mtu. Mimi kusema mbele za watu siwezi, ndiyo maana naandika hadithi.

Na aliyeliiba ni wifi yangu, Ghadeer.

Niwaeleze? Haya. Ni mke wa kaka yangu Wael. Kwao Nizwa, Waarabu watupu. Kiswahili hajui, na kujua hataki. Akitusikia mimi na Bibi tunaongea jikoni anakunja pua, anamwambia Wael kwa Kiarabu:

"Wameanza tena."

Kahawa haionji mpaka aipige picha. Mtoto hajazaliwa, yeye keshaagiza puto!

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Wael kalelewa na Bibi Masouda tangu hana meno. Akamwahidi kwa mdomo wake, "Bibi, nikipata binti, jina ni lako." Bibi akawa anamwambia kila anayekuja.

Ghadeer aliposikia akacheka.

"Masouda? Nani siku hizi anaitwa Masouda? Shuleni watamfanya kichekesho."

Na kaka yangu mzima, na ndevu zote zile… akainamia simu yake!

Bibi akasema tu, "Haidhuru." Akaenda kukunja nguo ambazo alishazikunja.

Siku ile ndiyo nilimtoa Ghadeer moyoni kabisa.

Kwa hiyo mnadhani nilipoliona jina kwenye chokoleti nililia?

Nilicheka!!

Kwa sababu Annelie wa kwenye daftari langu si mtoto. Ni mke wa mtu. Mzuri wa sura, roho imeoza. Anapiga picha kahawa kabla ya kuinywa. Anamlaza bibi wa mumewe stoo, juu ya magunia ya mchele. Mwisho anakufa peke yake na puto zake.

Yaani ni YEYE! Ghadeer mtupu, nukta kwa nukta!

Siku ile ya chaja kalifungua daftari. Kiswahili hasomi, kaona maua tu. Kaenda kumpa mwanawe jina nililomtukania yeye!

Na Wael alikuwa bado hajaliandikisha. Alisema Jumapili, ofisi zikifunguliwa. Nikawaza… watu wakijua linatoka wapi, litafutwa. Masouda litarudi.

Shangazi Bakhita akaigeuzageuza ile chokoleti.

"We Ghaliya, jina gani hili? Kalitoa wapi?"

"Kwenye daftari langu, Shangazi."

"Daftari gani? Hebu lilete."

Nikalileta.

Nyie, mimi salamu zenyewe naitikia kwa kichwa. Lakini siku ile nilisimama katikati ya sebule, nikasoma kwa sauti!

Nilipofika kwenye kahawa, mmoja akaguna. Nilipofika kwenye puto, shangazi zangu wote wakapasuka.

"Huyu si…?"

"Ndiye!"

"Na stoo! Loo, Ghaliya, kumbe una sumu!"

Macho yote kwenye kochi. Ghadeer kakaa pale, kampakata mtoto, anatabasamu. Anatuangalia mmoja mmoja, anacheka na sisi. Kisha akaniinulia uso, akaniuliza kwa Kiarabu, taratibu:

"Ghaliya, wanasemaje? Wamelipenda?"

Nikalifunga daftari.

Mtoto akapiga chafya. Shangazi Bakhita akafuta machozi ya kicheko, akajiweka sawa. Anataka kumtafsiria!

Bibi akamuwahi. Kwa Kiarabu, sauti ya upole:

"Wanasema jina zuri, mwanangu. Wananicheka mie, siwezi kulitamka. Hebu… Aneli. Aneli. Nimepata?"

"Umepata, Bibi!" Ghadeer akacheka kwa furaha. Akanigeukia tena.

"Niliona ulivyolizungushia maua. Nikajua ndilo unalolipenda kuliko yote. Wewe huniongeleshi, Ghaliya. Mwaka mzima hata siku moja. Nikasema… labda mwanangu utampenda."

Nilitamani ile sakafu ipasuke.

Bibi akanishika mkono, akanivuta jikoni, akafunga mlango.

"Ushamaliza?"

"Bibi, nilikuwa nalitetea jina lako."

"Jina langu nnalo, miaka sabini na nne, halijanikimbia. Na nani kakwambia mie nalala stoo? Nani kakwambia nalialia juu ya magunia? Yule kalikataa jina langu tu. Wewe umenifanya fukara mbele ya watu!"

"Ni hadithi tu, Bibi…"

"Kama hadithi tu, basi huyo mwanamke wako mbadilishe jina. Mtoto kazaliwa juzi. Hatoishi na uchafu wako."

"Nimpe jina gani?"

Bibi akaniangalia kutoka juu mpaka chini, kama anavyoangalia samaki aliyeharibika.

"Si unalo lako?"

Jumapili Wael akaandikisha. Annelie binti Wael. Bibi anamwita Aneli, anamwimbia kwa Kiswahili, na mama yake siku hizi anakaa pembeni anasikiliza.

Na mimi nikachukua kalamu. Nikalikata lile jina, ukurasa kwa ukurasa, mara arubaini na moja. Kila mahali nikaandika Ghaliya.

Funzo? Ukitaka kumwandika mtu ubaya, anza na jina lako. Lisome kwa sauti. Likikataa kukaa hapo, endelea na la mwenzako.

Mimi nililisoma. Ghaliya anamcheka mtu asiyejua kama anachekwa. Ghaliya ana sura ya haya, na roho…

Lilikaa sawasawa.