Mtoto Aliyekuwa Mbele ya Basi

Kila asubuhi nyumbani kwa Chepchumba ilikuwa mbio. Alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa sebuleni, katika nyumba aliyopanga huko Lanet. Alipika uji, akamvisha binti yake Jemutai sweta, akamfunga kamba za viatu. Kabla hajamaliza, honi ya basi la shule ililia nje.

Jemutai alikuwa na miaka sita, Gredi ya Kwanza. Basi lilisimama ng'ambo ya barabara. Chepchumba alifungua geti, akamwambia akimbie asije akaachwa. Yeye alibaki getini akimtazama akivuka na kupita mbele ya basi kwenda mlangoni. Ilikuwa hivyo tangu Januari, na hakuna baya lililokuwa limetokea.

Jumanne moja ya mwezi wa sita kulikuwa na ukungu. Jemutai alipofika mbele ya basi, chupa yake ya maji ilimponyoka, ikaviringika chini ya basi. Akainama kuifuata. Chepchumba alimwona akiinama. Kisha akasikia injini ikinguruma, akaona basi linasogea.

Alitoka getini mbio.

Baadaye aliambiwa kilichotokea ndani. Wachuka, mama anayewasimamia watoto kwenye basi, alikuwa akihesabu vichwa, akaona kimoja kimepungua. Akagonga bodi ya basi kwa kiganja, na dereva akakanyaga breki papo hapo.

Chepchumba alifika, patipati moja ikiwa imemtoka mguuni na kubaki barabarani. Jemutai alikuwa amelala kifudifudi chini ya bampa. Gurudumu lilikuwa shubiri moja tu kutoka mguu wake. Hakuwa akilia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi.

Hospitalini walisema hakuna mfupa uliovunjika. Bega lililoguswa na bampa lilikuwa limevimba, lingepona. Lakini hofu haikupona. Kila gari kubwa lilipopita, mguu wa Chepchumba uliganda juu ya pedali ya cherehani. Jemutai naye akisikia honi alijificha nyuma ya kiti.

Chepchumba akaamua kumpeleka shule mwenyewe kwa miguu. Mwendo ulikuwa wa karibu saa nzima, kando ya barabara kuu, malori yakiwapita karibu hadi nguo zinapepea. Alimshika mtoto mkono kwa nguvu mpaka Jemutai akasema anaumia.

Jumamosi, dereva wa basi alikuja na Wachuka. Aliitwa Gathogo, mtu wa makamo, na siku hiyo alionekana kama aliyetoka kuugua. Alikuwa ameomba ruhusa ya mwalimu mkuu kuja na basi. Aliomba msamaha kwanza, bila kujitetea. Alisema alikosea kuondoa gari kabla Wachuka hajamaliza kuhesabu. Kisha akachomoa ufunguo wa basi, akampa Chepchumba aushike, na kumwomba apande akae kwenye kiti cha dereva.

Jemutai alipoona ufunguo uko mkononi mwa mama yake, alikubali kwenda na Wachuka. Wakapotea upande wa mbele.

"Mama Jemutai," Gathogo aliuliza, "mtoto yuko wapi?"

Chepchumba alitazama kupitia kioo. Aliona barabara, ua wa jirani, na mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo.

"Wameingia nyumbani," alisema.

"Hapana. Yuko hapo hapo mbele yako. Wachuka amechuchumaa karibu naye."

Chepchumba alisimama, akaegemea usukani, akachungulia chini. Aliona utepe wa nywele za binti yake, karibu kabisa na bampa. Alirudi kukaa, na utepe ukatoweka tena.

Gathogo alimwambia Wachuka atembee na mtoto kwenda mbele. Hatua ya tatu, kichwa cha Wachuka tu. Ya tano, nywele za mtoto. Zilipofika hatua kumi kubwa, Chepchumba akamwona Jemutai mzima, kuanzia kichwa hadi viatu.

"Mimi nikiwa hapa juu, mtoto aliye karibu na basi simwoni," Gathogo alisema. "Mbele, nyuma, hata kando ya magurudumu. Yeye anaona basi kubwa, anadhani nami namwona."

Walikaa sebuleni, chai ikapoa. Wachuka alimweleza Jemutai taratibu. Kitu kikianguka karibu na basi, asikifuate, amwambie mtu mzima. Asubiri mbali na barabara mpaka basi lisimame kabisa. Asisogee kabla dereva hajainua mkono. Akiingia akae, afunge mkanda. Jemutai aliyarudia yote kwa sauti ndogo.

Kwa Chepchumba, Gathogo alikuwa na ombi moja: mzazi amlete mtoto mapema, amshike mkono mpaka mlangoni. Naye angegeuza basi mwisho wa barabara, ili watoto wapandie upande wa nyumba zao, asivuke mtu. Basi lisingeondoka mpaka Wachuka ahesabu, atazame nje, afunge mlango, na kusema twende.

Jumatatu wazazi wengine walinung'unika kwamba watoto watachelewa. Chepchumba aliwaeleza alichokiona kutoka kwenye kile kiti, na jinsi ambavyo hakukiona kichwa cha mwanawe. Wakawashika watoto wao mikono. Siku hiyo Jemutai alisita kwenye ngazi, akamtazama mama yake, kisha akapanda.

Wiki ya tatu, jirani yao Cherono alikuwa akimpandisha binti yake mkubwa. Mdogo wa binti huyo, wa miaka miwili, alichomoka mkononi mwa Cherono, akazunguka upande wa mbele wa basi. Lakini Wachuka alikuwa bado mlangoni, akitazama nje.

"Bado," alimwambia dereva.

Basi halikusogea. Cherono alimfuata mtoto, akambeba. Wachuka akahesabu upya, akafunga mlango, na watoto wakaenda shule.

Jioni basi liliporudi, Chepchumba alimuuliza Gathogo kama alimwona yule mtoto mdogo.

Gathogo alishika usukani kwa mikono miwili.

"Sikumwona kabisa," alisema.