Pigo Alilolivuta Ognyan

Stesheni ya treni ya mji wa Plovdiv ilifurika watu Ijumaa hiyo. Katikati ya mabegi na vikapu vya pilipili, Ognyan akamwona msichana aliyevaa koti la manjano amejilaza kinyumenyume juu ya egemeo la benchi, kichwa chini, nywele zikifagia sakafu. Akadhani amezimia. Akamkimbilia, akamshika mabega.

"Dada! Unanisikia?"

"Nakusikia sana," msichana akajibu, uso umewiva. "Na ukiniachia naanguka, kwa hiyo umeshapata kazi. Sukuma kidogo. Taratibu, we kaka, mimi si gunia!"

"Nisukume nini?"

"Mgongo. Huku juu haukunjiki, mgumu kama mlango wa kanisa. Treni imechelewa, nikae bure?"

Jina lake Ralitsa, mwanajimnastiki. Ognyan alipotaja kwamba anapiga piano, Ralitsa akacheka mpaka banitsa yake, kile kitafunwa cha jibini, ikamponyoka. Mpiga piano wa klabu yao alikuwa amestaafu majuzi. Kabla majani hayajapukutika, Ognyan alikuwa akipiga piano mazoezini, na jioni wakirudi nyumbani wameshikana mikono.

Mazoezini, wasichana watano walijipinda nyuma kwa pamoja, kichwa kikatafuta kisigino, na kwa pigo moja la piano walipaswa kuinuka. Wanne waliinuka. Ralitsa alifuata, amechelewa.

"Ralitsa! Unakivunja kiuno!" kocha, Madam Zlatka, alifoka. "Mgongo una mifupa tele, wewe unatumia miwili! Fungua mabega!"

Kando ya ukuta aliketi Mira, binti mdogo mwenye mgongo laini kama unga uliokandwa, akisubiri nafasi ya mmoja wao. Uteuzi wa timu ya taifa ulikuwa majira ya kuchipua, na kwa umri wa Ralitsa hakutakuwa na mwingine. Usiku alilia kifuani kwa Ognyan. "Wakiniacha, mimi ni nani tena?"

Siku iliyofuata, wasichana walipojipinda, Ognyan akalivuta lile pigo, akalichelewesha ili Ralitsa awahi. Kidogo tu. Wakainuka wote watano.

"Hivyo!" Madam Zlatka akapiga makofi.

Leo tu, Ognyan akajiambia. Lakini ilikuwa leo tu kesho, na keshokutwa, na majira yote ya baridi.

"Umeuona mgongo wangu?" Ralitsa alimpigia simu akiwa bafuni, maji yakimwagika. "Umefunguka, mpenzi! Yale mazoezi ya mabega yanayoniua nimeyaacha, sina haja nayo tena!"

"Nimeuona, roho yangu," akajibu.

Njia ya mwongo ni fupi. Mjini Sofia, siku ya uteuzi, muziki ulitoka kwenye kanda, na kanda haipendi mtu. Wanne waliinuka. Ralitsa, ndani ya vazi jekundu lenye vito, alibaki chini akitazama dari. Mara ya pili vilevile. Mira akaitwa.

Simu ya Ognyan ikalia akiwa bado kwenye viti vya watazamaji.

"Kule Plovdiv nilikuwa nainuka nao," sauti ya Ralitsa ilikuwa kavu. "Ulikuwa unanisubiri?"

"Ralitsa, nilikupenda..."

"Majira mazima ya baridi ningekuwa nafungua mabega! Ulinihurumia, ukanizika." Simu ikakatika.

Ognyan hakumwona mpaka micheri ilipotoa maua. Ralitsa alikuja kwenye ukumbi wa mazoezi kuchukua viatu vyake, amekonda, amevaa lile koti la manjano.

"Nipigie piano," alisema, akilivua. "Na usinisubiri."

Ognyan akapiga, machozi yakimdondokea vidoleni, wala hakuvuta pigo. Muziki uliisha Ralitsa akiwa bado amejipinda, mbavu zikimpanda na kushuka. Kisha akainuka polepole katika kimya, akafuta uso.

"Ndivyo nilivyo, basi. Kumbe unaweza kutonisubiri."

"Rudi, mpenzi. Nioe wewe ukitaka," Ognyan akajaribu utani. "Sitakudanganya tena."

Ralitsa akacheka kidogo, akamshika shavu. Kwa kitambo Ognyan aliamini kwamba amesamehewa.

"Basi niambie. Nikianza leo kuyafungua mabega, mwakani nitachaguliwa?"

Ognyan alijua jibu: hapana. Akafumbua kinywa, akayaona macho yale yakimngoja, akakawia.

"Unaona?" alisema Ralitsa kwa upole. "Bado unalivuta pigo."

Akambusu kwenye paji la uso, akavaa koti lake, akaenda kuwahi treni.