Sakafu ya Bwawa

Asubuhi Kavenya aliteremka bwawani na ndoo. Jana maji yalifika kwenye jiwe jeupe. Leo jiwe lilikuwa nchi kavu, na maji yalikuwa hatua nne mbele yake.

"Baba Nzisa! Njoo uone, maji yanatoroka!"

Mutinda, mumewe, alikuja akijikuna kichwa. Siku tatu nyuma alikuwa amefanya kazi ya sifa, bwana wee! Kiangazi kilikuwa kimepunguza maji, basi aliingia katikati akazoa matope kwa sepetu na karai, mpaka sepetu ikagusa mchanga. Kwao Ukambani, silanga, yaani bwawa la kuchimbwa na watu, ikipungua maji huchimbwa iongezwe kina. Alipohamia huku Jego, pwani, hakumwuliza mtu.

"Ni jua tu," alisema.

"Jua gani hilo linalokunywa bwawa kwa siku tatu?" Kavenya alifoka. Kisima cha karibu kilikuwa na maji ya chumvi. Bwawa likikauka, ng'ombe wao watatu wangekufa kwa kiu.

Hakungoja chai. Alikwenda kwa jirani, Bi Mbeyu, Mdigo anayefinyanga vyungu.

"Shikamoo, Bi Mbeyu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umehemewa? Kuna nini?"

Kavenya alimweleza. Bi Mbeyu alijifunga leso kiunoni, wakafuatana. Pale bwawani aliingia katikati, maji yakimfika magotini, akaingiza mkono ndani ya shimo la Mutinda. Mkono ulitoka na mchanga mtupu.

"Nyie Wakamba kwa kuchimba hamjambo!" alisema. "Bwawa hili lilichimbwa na nani?"

"Tulilikuta," Mutinda alijibu.

"Hata babu zangu walilikuta. Hapa palikuwa bonde tu. Mvua ikinyesha, maji hutafuta pa chini. Yalikuja na udongo laini kutoka kule mlimani. Maji yakitulia, udongo huo hutua chini. Kila masika uliongezeka kidogo. Wanyama wakaja kunywa, wakaukanyaga, ukashikana. Hiyo ndiyo sakafu ya bwawa. Chini yake ni mchanga, na mchanga hauzuii maji. Wewe, baba, umeitoboa sakafu."

Mutinda aliona aibu. "Nilidhani naongeza maji."

"Hukujua. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini wewe nimekwambia. Yale matope uliyoyatoa yako wapi?"

Yalikuwa ukingoni, yamekauka juu. Bi Mbeyu aliyafinya kwa vidole, akatupa yale yenye mchanga. "Haya ni udongo wa chungu hasa. Yaloweshe. Yarudishe kidogo kidogo, uyakanyage. Usiyamwage yote kwa pamoja, hayatashikana."

Walifanya kazi mpaka adhuhuri. Kila tabaka walilikanyaga kwa visigino. Kisha waliwaswaga ng'ombe wao watatu, wakazunguka juu ya shimo lililozibwa, kwato zikizama na kutoka.

"Na maji ya kunywa?" Kavenya aliuliza.

"Hayo chemsha kila siku, mwanangu. Leo hasa."

Kavenya alichomeka kijiti penye ukingo wa maji. Siku ya pili maji yalikuwa yameshuka upana wa vidole viwili. Alikosa hamu ya kula. Je, ikiwa wamechelewa? Siku ya tatu aliogopa hata kutazama. Mutinda alimshika mkono, wakateremka pamoja.

Maji yalikuwa palepale pa jana. Kavenya aliketi chini akalia kwa furaha.

Masika yalipoingia, bwawa lilijaa. Mvua ilipokatika, jua likawaka wiki mbili, na bado maji hayakutoroka. Mwaka uliofuata, kiangazi kilipozidi, Ndeti, mwenzao kutoka Ukambani, alikuja na sepetu begani.

"Mutinda, njoo tuliongeze kina bwawa langu."

Mutinda hakuinuka. "Kwanza tia mkono chini, ndugu yangu," alisema. "Uniambie ni nini kimeyazuia maji yako miaka yote hii."