Kipanya Kilichovaa Sweta

Kila jioni Ciku alipotoka shuleni, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvua vitambaa. Nyumbani kwao, mtaa wa West Indies mjini Eldoret, kila kitu kilivaa nguo: viti, redio, hata kompyuta kuukuu ya baba. Mfumaji alikuwa nyanya yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Cucu. Tangu zile vurugu za uchaguzi, walipokimbia na kurudi wakakuta majivu, Cucu hakutaka kitu chochote kipate hata mkwaruzo.

Wiki hiyo Ciku alikuwa na kazi ya kutambia. Guled, babake rafiki yake Ruwayda, alikuwa akifungua upya duka lake la michezo ya kompyuta, lililoporwa na kuchomwa katika vurugu zilezile. Alimpa Ciku kipanya kipya cha kompyuta, cha kuchezea michezo hiyo.

"Kitese," alisema. "Kibonyeze kama adui yako. Jumamosi uniambie kama kinadumu na kama mkono unastarehe. Nitafuata neno lako. Nikiuziwa vibovu wachezaji watahama, na mimi sina nguvu ya kuanza mara ya tatu."

Ciku alipokifikisha nyumbani, kufumba na kufumbua, Cucu alikuwa amekifunga kwa nailoni na kukivisha sweta ya uzi mwekundu, yenye tundu la kupitishia mkia wake wa waya.

"Cucu, hiki ni cha kupimwa!"

"Si kipimwe kikiwa kimevaa? Baridi ya huku haichagui."

Ciku akacheza hivyo hivyo. Kiganja kililowa jasho, na gari lake kwenye skrini likaingia mtaroni kila kona. Alijua afadhali akivue, lakini nani amvue Cucu hasira?

Jumamosi Ciku na Cucu walikwenda dukani pamoja, Cucu akitaka kurudi na sweta yake.

"Haya, mpimaji wangu," Guled alisema. "Lete habari."

"Kinadumu sana, Baba Ruwayda. Hakina hata mkwaruzo. Ila kinatoa jasho."

"Kipanya kinatoa jasho?" Ruwayda, aliyekuwa kando ya baba yake, akaangua kicheko. "Kwani kina malaria?"

"Jasho tutapangusa," Guled alisema, akichukua simu ampigie muuzaji. "Maadamu kinadumu, naagiza vya duka zima."

Ciku alitazama rangi mpya juu ya ukuta uliowahi kuungua. 

"Usipige!" alisema. "Sikupima kipanya. Nimepima nailoni na sweta!"

Akakitoa mfukoni, kingali kimevaa. Guled alikikodolea macho, akakivua, akakichomeka kwenye kompyuta na kumpa Ruwayda. Ruwayda hakuwa na huruma. Hata mchezo haujakolea, kitufe cha kushoto kilizama ndani, kisirudi tena.

"Wallahi!" Guled aliweka simu chini polepole. "Ningejaza duka takataka."

"Ngai!" Cucu alishika kichwa, kisha akajikaza. "Kitendawili!"

"Tega!" wasichana waliitika.

"Mtumishi wangu namsifu kwa majirani, na tangu aje sijamtuma hata maji."

"Kipanya cha Cucu!" Ruwayda alidakia, wote wakacheka, hata Cucu mwenyewe.

"Umepata," alisema. "Tulipopoteza vyetu, nilidhani kukipenda kitu ni kukifunika. Sikilizeni, wajukuu: kitu hujulikana kikifanya kazi, na mtu hujulikana akisema kweli, hata kama kweli yenyewe inamchekesha jirani. Ciku leo ameliokoa duka hili."

Guled alifungua droo, akatoa kipanya cha aina nyingine.

"Basi mpimaji ni yeye yule," alisema. "Ila hiki, Mama, kipimwe uchi."

"Uchi?" Cucu alisema, akikunja sweta yake. "Haya. Lakini wageni wakija, mkifiche."