Kimondo Nyuma ya Tangi la Maji

"Hakuna kitu kinachopita angani juu ya mtaa huu bila mimi kukiona," alisema Jicho huku akifagia uwanja wa nyuma. Alikuwa anafagia huku ameangalia juu, kwa hiyo takataka alizipita zote kama hazijui.

Jina la Jicho alijipa mwenyewe, akiwa darasa la sita, na lilimkaa kama kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto: lilimfunika mpaka puani.

Bibi yake alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, akichambua mboga. "Hata ile sufuria iliyoungua jana ilikuwa mbele ya macho yako, mke mwenzangu, na hukuiona."

"Sufuria haipiti angani, Bibi."

"Moshi wake ulipita."

Jicho alicheka, akaacha ufagio ukutani na kukimbilia chumba cha mbele. Hapo ndipo Shangazi, fundi redio, alipofanyia kazi. Mezani kulikuwa na redio zilizofunguliwa matumbo, nyaya za kila rangi na harufu ya lehemu iliyoyeyuka. Pembeni, juu ya meza ndogo ambayo hakuna mteja aliyeruhusiwa kuigusa, ilikaa redio ya Shangazi mwenyewe. Hiyo haikuwa ya kusikiliza muziki. Ilikuwa ya kusikia na kusema. Leseni yake ilitundikwa ukutani ndani ya fremu, na waya wa antena ulitoka dirishani, ukapanda mpaka kwenye paa, kisha ukavuka uwanja mzima hadi kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Redio ilitumia betri ya gari, ili umeme ukikatika mtaa mzima, Shangazi aendelee kuzungumza kama vile hakuna lililotokea.

Kila siku jua likishazama, Baraza la Anga lilikutana hewani. Walikuwa watu wa miji iliyotengana, na wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Muuguzi mstaafu aliyeishi mji wa milimani ndiye aliyeendesha mazungumzo. Alikuwepo Mwalimu wa hesabu, mpole mpaka kwenye redio. Alikuwepo Kinyozi wa mji wa tambarare, ambaye wateja wake walinyolewa huku wakifundishwa majina ya sayari, watake wasitake. Hakuna aliyewalipa. Walipeana habari za vyombo vinavyopiga picha mawe ya Mirihi, za wanaanga wanaopokezana zamu kwenye kituo cha anga, na za mahali pa kuitafuta Zuhura jioni hiyo. Kuna siku Shangazi alikata utepe wa kupimia wa seremala, akautengenezea antena ya mkononi, na kwa antena hiyo akanasa sauti ya setilaiti iliyokuwa inapita juu ya paa. Jicho alisikia mlio huo kwa masikio yake, na tangu hapo hakutaka kuwa mtu mwingine ila mmoja wa watu hawa.

Kwa kuwa mwenye leseni alikuwa Shangazi, Jicho aliruhusiwa kuzungumza Shangazi akiwa pembeni tu. Na Muuguzi alikuwa na sharti moja aliloliimba kama wimbo: "Umeona, sema ulichoona. Hukuona, sema sikuona. Hiyo nayo ni taarifa." Mwalimu alikuwa amewahi kusema "sikuona" wiki nzima ya mawingu, na kila mara Muuguzi alimshukuru kama aliyeleta zawadi.

Jioni ile Shangazi alikuwa kwa mteja, na Jicho alikuwa anaoga. Povu la sabuni lilikuwa limemjaa machoni Bibi alipoita kutoka uwanjani.

"Wewe, toka uone. Kuna kitu kinawaka huku juu."

"Ni ndege, Bibi."

"Ndege gani ina mkia wa moto?"

"Ndege ya mizigo," alijibu Jicho, akaendelea kuimba.

Alipotoka, anga lilikuwa limetulia na Bibi amekwisha kuingia jikoni. Shangazi alirudi, akawasha redio, na kabla hajakaa vizuri sauti ya Muuguzi ikajaa chumbani. Hawakuwahi kumsikia akizungumza haraka namna ile.

"Wapenzi wa anga, nimekiona kimondo ambacho sijapata kuona mfano wake. Kimewaka kijani, kimekatika vipande, kimepotea nyuma ya mnara wa simu. Mwalimu, nawe?"

"Nimekiona, Mama," alisema Mwalimu. "Nimepima upande wake kwa dira. Kikubwa kama kile, huenda jiwe lake limefika chini. Shida ni kwamba mji wangu na wako iko upande mmoja. Nikichora mistari yetu kwenye ramani, inakaribia kulaliana. Tunahitaji mtu aliyekiona kutoka upande mwingine. Mistari ikikatana, hapo ndipo pa kutafuta."

"Jicho," aliita Muuguzi, "wewe ndiye jicho letu huko. Ulikiona?"

Shangazi alimgeukia mpwa wake akiwa ameshatabasamu tayari. Tabasamu hilo ndilo lililomponza. Angewezaje kusema kwamba kitu kikubwa kuliko vyote kimepita juu ya kichwa chake yeye akisugua visigino? Alibonyeza kitufe.

"Nilikiona. Kilipotea nyuma ya tangi la maji."

Shangazi alitoka na dira, akapima kutoka uwanjani mpaka kwenye tangi la mtaa, akarudi na kuutaja upande ule hewani. Katika kila mji rula zililazwa kwenye ramani. Mstari wa tatu ulikata ile miwili kwenye kilima chenye vichaka, si mbali na mji wa tambarare.

"Hapo ni kwangu kabisa," alisema Kinyozi. "Maisha yangu yote nimekuwa nikiangalia vitu vya juu. Sijawahi kushika hata kimoja. Kesho sinyoi mtu."

Kesho yake hakunyoa mtu. Alirudi hewani jioni akiwa na miiba miguuni na mikono mitupu. Keshokutwa yake akafunga duka tena, akaenda na mwanawe, wakapekua kilima chini juu, na wakarudi walivyokwenda. Wateja walianza kwenda kunyolewa kwingine. Na kule tambarare mawingu yalikuwa yanajikusanya.

"Mvua ikinyesha," Kinyozi aliwaambia, "jiwe litazama kwenye tope na hatutaliona tena. Kesho nitarudi mara ya mwisho."

 Jicho alirudisha sahani yake ikiwa imejaa, na Bibi alimgusa shingo mara mbili kuona kama ana homa. Lakini kilichomchoma zaidi kilikuja kwa sauti ya upole.

"Jamani," alisema Mwalimu, "nadhani kosa ni langu. Mstari wa Mama Muuguzi una mnara wa simu, na wa Jicho una tangi la maji. Mimi nilipima juu ya uwanja mtupu. Labda macho yangu yamezeeka. Ufuteni mstari wangu. Na pengine niache kutoa vipimo, nisiwapoteze watu."

Shangazi alichukua kifutio. Jicho alikitazama kikishuka kwenye mstari wa mtu aliyesema kweli.

"Subiri," alisema, akabonyeza kitufe. "Mwalimu, pengine ni mimi niliyekosea. Kidogo tu. Nilikiona, ila pengine nilikuwa nimesimama mahali pabaya."

"Sawa, mwanangu," Muuguzi alijibu. "Hilo hurekebishika. Ulikuwa umesimama wapi?"

Jicho alibonyeza kitufe tena, huku akitafuta kichwani mahali pa kusimama. Wakati huo huo Bibi alikuwa anaingia na chai ya Shangazi.

"Bafuni," alisema Bibi.

Kidole cha Jicho kilikuwa bado kwenye kitufe. Neno hilo lilipanda kwenye waya, likavuka uwanja, likaingia milimani, tambarare na kila mahali palipokuwa na mwanachama wa Baraza la Anga.

"Alikuwa anaoga," Bibi aliendelea, akiweka kikombe mezani bila haraka. "Nikamwita aje aone, akaniambia ni ndege ya mizigo."

Redio ilibaki inakwaruza tu, kama mafuta kwenye kikaango. Shangazi hakufoka. Alikiweka kifutio chini, akamsogezea Jicho kipaza sauti, akangoja. Jicho angeona heri afokewe.

"Bibi anasema kweli," alisema hatimaye, machozi yakimtiririka. "Sikuona chochote. Tangi nililitaja kwa sababu ndilo lililonijia kichwani. Mwalimu, macho yako ni mazima, usiache kupima. Kinyozi, nisamehe kwa miguu yako na kwa duka lako."

 Kisha Kinyozi akakohoa.

"Kwa hiyo siku zote hizi nimekuwa nikifuata mstari wa sabuni," alisema, na mtu mmoja huko hewani akashindwa kujizuia, akacheka. "Umenichosha, mtoto. Nimekasirika, sikufichi. Lakini afadhali umesema leo kuliko baada ya mvua."

"Bibi," aliita Muuguzi, "nisikilize. Wewe ulikiona?"

Bibi aliinamia redio na kupaza sauti kana kwamba Muuguzi alikuwa ng'ambo ya mto. "Nilikiona kama ninavyokuona wewe. Sikuoni, lakini umenielewa. Nilikuwa kwenye kigoda changu. Kilishuka juu ya paa la kinu cha unga, kwenye ile kona iliyong'oka bati."

Shangazi alimshika Bibi mkono, wakatoka na tochi. Bibi alikaa kwenye kigoda chake, akanyoosha kidole, na Shangazi akaifuata ile kona kwa dira. Jicho alichora mstari mpya mwenyewe. Ulikata mistari ya Muuguzi na Mwalimu mbali kabisa na kilima, kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa ng'ambo ya mto mkavu.

Kesho yake Baraza zima lilikuwa hewani kabla ya wakati wake. Kinyozi aliingia akihema.

"Ninalo," alisema. "Ninalo mkononi. Limeenea kiganjani, jeusi kama sufuria iliyoungua, na zito kuliko linavyoonekana. Nimelisogezea sumaku, ikanata. Mwanangu ndiye aliyeliona, limekaa juu ya udongo kama lilikuwa linatusubiri. Mwalimu, mstari wako ulipita karibu nalo kabisa. Nitalipeleka chuo kikuu walichunguze, lakini usiku huu linalala kwangu."

 Watu wazima wale, walioungana kwa nyaya na betri za gari, walikuwa wananyamaza pamoja kwa furaha, na Jicho aliona kwamba kunyamaza kule kulikuwa kitu kizuri kuliko kelele zozote alizowahi kusikia redioni.

"Jicho upo?" Muuguzi aliuliza mwishowe.

"Nipo, Mama."

"Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Muuguzi akiona uvivu wa kumpima mgonjwa joto, akaandika namba inayofanana na kweli, hakuna atakayegundua pale pale. Lakini daktari atatoa dawa kwa namba ile, na mgonjwa ataimeza. Taarifa yako ni ardhi ambayo mwingine anaikanyaga. Ukiitengeneza kwa uongo, anayetumbukia si wewe, ni yule aliyekuamini. Hatukukuita kwenye Baraza kwa sababu unaona kila kitu. Hakuna anayeona kila kitu. Tulikuita ili utuambie kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba ulikuwa bafuni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Basi tuendelee na kazi. Nipe hali ya anga huko kwenu."

Jicho alijifuta uso, akaziweka sawa hedifoni zilizomziba masikio. Alikuwa amekaa hapo tangu jua halijazama, na wakati anaingia anga lilikuwa jeupe kama sahani. Shangazi alimtazama kwa jicho la pembeni, akabana midomo.

"Huku anga ni safi kabisa," alisema Jicho, "hakuna hata wingu—"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia nguo alizotoka kuanua. Maji yalimchuruzika kutoka kwenye kitambaa cha kichwa mpaka kidevuni.  Aliinua tu mkono wa shati moja la shule, akaukamua taratibu sakafuni, huku amemkazia macho mjukuu wake.

Jicho alibonyeza kitufe upya.

"Nasahihisha taarifa," alisema. "Huku kwetu mvua inanyesha. Sikutoka kuangalia, na shahidi amelowa."