Kuku Aliyeshonwa Tumbo

"Dada, una mkate wa juzi?"

Thuwaiba aliinua uso kutoka kwenye kapu lake. Stendi ya Kibiti ilikuwa imefurika. Mabasi ya kusini yameshikana pua na mkia, abiria wananunua korosho madirishani. Na huyu hapa, kijana wa shati jeupe, kola imepigwa pasi hadi inakata, anaulizia mkate wa juzi!

"Mikate yangu imetoka tanurini alfajiri hii, kaka. Kama una kuku wa kulisha, pumba zinauzwa kule."

"Kuku ninaye kweli, bibie. Ila huyu wangu, mkate unamwingia tumboni akishachinjwa."

"Toba! Mwehu huyu katoka wapi?"

"Nyamisati. Mpishi. Naitwa Bwanaheri."

Wauza korosho walicheka. Bwanaheri akanunua mikate mitatu mipya, akasema ataianika mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na ruksa ya biashara huria ilishafika hadi Kibiti: ngano ya magunia, zabibu kavu za pakiti, mashati ya mitumba. Kampuni ya wageni ilikuwa imefungua kambi Nyamisati kununua kamba wa delta, na Bwanaheri, mtoto wa wakulima wa vilima vya Umatumbi, ndiye aliyewapikia.

Alirudi kila Alhamisi. Thuwaiba, bila kumkiria mtu, akawa anaweka mikate miwili kando ikauke. Akawa na kanga ya Alhamisi. Akawa na wanja wa Alhamisi.

Wiki ya saba Bwanaheri alikuja na kuku mzima aliyechinjwa, akaomba joto lililobaki tanurini. Thuwaiba akakaa kwenye kibao kumtazama akivunjavunja mkate mkavu ndani ya sinia, akiuchanganya na vitunguu vya samli, korosho zilizokaangwa, zabibu, tende na mdalasini, kisha akiunyunyizia supu.

"Lazima uwe mkate uliolala?"

"Mbichi unageuka uji. Mkavu unakunywa supu na bado unasimama. Kama wewe. Wiki saba nakumiminia maneno, hulainiki."

"Nimelainika zamani. Sitaki tu ujue."

Bwanaheri aliujaza mchanganyiko tumboni mwa kuku, akamshona kwa uzi mweupe, mishono midogo ya fundi. Kuku alipoiva na uzi kukatwa, mvuke wa mdalasini uliwapanda usoni. Korosho zilikuwa bado zinalia menoni, zabibu zimevimba kwa mafuta ya kuku. Thuwaiba alikula bila neno.

"Sema basi, kipenzi."

"Njoo kwetu useme na baba."

Baba yake, Mzee Haidari, alitoka kwenye ukoo wa wafanyabiashara wa Mohoro. Nyumbani kwao mposaji hutanguliza kuku mzima aliyepikwa, na firigisi huwekwa juu yake, mbele ya macho ya wote, kwa ajili ya mwenye nyumba.

"Firigisi, Bwanaheri," Thuwaiba alimwonya. "Ikikosekana, baba atasema umejifanya mwenye nyumba naye yu hai."

"Nitaiweka mahali atakapoikuta mwenyewe, kwa kisu chake."

Thuwaiba akacheka. Hakuuliza wapi.

Ijumaa, baada ya swala, sahani iliingia. Mzee Haidari alifunua kawa. Akamtazama kuku mbele, akamzungusha, akamtazama nyuma.

"Firigisi iko wapi?"

Akamfunika tena kwa kawa.

"Ameila. Amejipa ubaba wa nyumba hii kabla hajavuka kizingiti. Mrudishieni, na kisu kisimguse."

Thuwaiba aliibeba sahani mwenyewe. Bwanaheri alikuwa akingoja jibu kwa rafiki yake, nyuma ya soko, amevaa kanzu mpya.

"Neno moja tu nilikuomba!" Thuwaiba alilia. "Moja!"

Bwanaheri aliutazama uzi mweupe. Ulikuwa vilevile alivyoufunga.

"Hamkukata?"

"Tukate nini, na firigisi umeshaila?"

"Baba yako amesema hivyo. Na wewe je?"

"Macho yangu yameona."

Bwanaheri alifungua mdomo amweleze. Lakini huyu ndiye aliyekaa kwenye kibao akamwona akishona, na hata yeye hakuwaza kushika kisu. Kwa nani mwingine ajieleze?

"Basi, bibie. Msalimie mzee."

Mwezi haukuisha, kampuni ikamhamishia Mtwara.

Miezi minane baadaye, Mwamini, aliyekuwa mwosha vyombo pale kambini, alipita stendi akitokea kwao Maparoni kuvuna mpunga.

"Shoga, mlitukosha kwa utamu! Kuku wenu wa posa alirudi naye kambini, tukamla sisi. Bwanaheri hakumgusa. Na ile firigisi, nzima, katikati kabisa ya mkate, kaizungushia korosho kama shada la harusi!"

Mkate ulimdondoka Thuwaiba mkononi.

Siku hiyohiyo alikuwa posta, amepiga ofisi ya kampuni Mtwara, amebana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Haloo? Bwanaheri?"

"Thuwaiba."

"Nimejua, laazizi. Mbona hukusema?"

"Ungekata uzi, nisingehitaji kusema."

"Naukata sasa. Nisamehe, urudi."

Waya ulikwaruza.

"Nimeoa. Mwezi wa pili huu. Wazee walinitafutia. Ashura hana kosa lolote."

Thuwaiba aliegemea ukuta wa kibanda.

"Thuwaiba, kila nikianika mkate mimi..."

"Usimalize. Usinipe la kubaki nalo." Akafuta pua kwa ncha ya kanga. Ilikuwa ile ya Alhamisi. "Msalimie Ashura."

Akarudi nyumbani, akaweka mkate kando ukauke. Ijumaa alichinjisha jogoo, akakaanga korosho, akachambua tende, akashona kwa uzi mweupe. Mishono yake haikunyooka. Sahani akaiweka mbele ya baba yake, na kisu juu yake.

"Kata uzi, baba."

Mzee Haidari alikata. Mkate ukafunguka, mvuke ukatoka, na katikati, ndani ya duara la korosho, firigisi.

Aliitoa, akaiweka kwenye kiganja.

"Nani kakufundisha kupika hivi?"

"Uliyemrudishia."

Mzee akairudisha firigisi kwenye sahani.

"Kula, baba," Thuwaiba alisema. "Ni yako. Ilikuwa yako tangu siku ile."