Kanyaga, Achia

Torgeir, rafiki yangu wa Namsos, huko Norwei, alinisimulia haya mara moja tu.

Ilikuwa Novemba, na gari lake kuukuu la milimani lilibakiwa na siku mbili za kupita ukaguzi, la sivyo ling'olewe namba. Plagi na filta alizipata upesi. Diski za breki ndizo zilizomtia wazimu. Dukani waliingiza namba ya gari kwenye kompyuta, na mara mbili wakampa zisizoingia.

"Mwaka ule zilitoka saizi mbili," muuzaji alimwambia. "Ungepima kwanza, bwana."

"Na hiyo kompyuta yenu ni ya nini?" Torgeir akafoka.

Alipomaliza kufunga zilizo sahihi ilikuwa saa kumi alasiri, na giza totoro. Ikabaki kutoa hewa kwenye breki, kazi ya watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine afungue skrubu kwenye gurudumu hewa itoke. Akampigia kelele mkewe, Solfrid, aje akanyage pedali, kisha akajilaza chini ya gari. Akasikia mlango wa gari ukifungwa.

"Kanyaga."

Pedali ikalia kwii.

"Achia."

Ikalia tena. Wakaenda hivyo gurudumu hadi gurudumu, Torgeir akililaani duka peke yake, bila kujibiwa.

"Kanyaga. Shikilia hapo hapo."

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka, na ndara za Solfrid zikaja zikiburuzika kwenye changarawe.

"Samahani, nilikuwa naongea na mama kwenye simu. Nije nikanyage?"

Torgeir akaishika diski kwa mikono miwili, akajaribu kuizungusha. Ilikuwa imebanwa.

"Achia," akanong'ona.

Pedali ikalia kwii, na diski ikazunguka.